Familia zenye ng'ombe wa maziwa, ibada mnafanyaje? Sisi huku Rungwe tunasalia bandani

MamaMtamba (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Wiki hii kuna uzi kijana aliuliza aanze na ng'ombe wa maziwa au kuku, karibu kila mtu akamwambia achana na ng'ombe, utakuwa mtumwa, husafiri, huendi msibani, kanisani watakusahau sura. Nilitaka kumjibu palepale nikaona maneno yangu ni mengi, bora nifungue uzi wake.

Mimi niko Rungwe, juu kidogo ya Tukuyu, ni mke na mama, tunakamua ng'ombe watatu, kuna mtamba, yaani jike ambaye hajazaa bado, mwenye mimba, na ndama jike mmoja. Ni chotara wa Friziani, wote wa ndani, hatuchungi maana huku ardhi ni ndogo, ukitoka kwenye migomba unaingia kwenye chai ya jirani. Na sisi ni Wamoravian wa toka enzi, wamisionari wamefika hapa Rungwe 1891 na babu wa mume wangu alibatizwa kwao. Ninachotaka kusema ni kwamba ng'ombe hawajatutoa kwenye imani, kwa nyumba yangu mimi ndio waliotuwekea saa za kusali, kabla ya ng'ombe tulikuwa tunasali siku tukikumbuka.

Saa kumi na moja alfajiri wote tuko macho. Mwezi wa sita na wa saba huku ni baridi kweli, maji ya kuoshea kiwele lazima yachemshwe, binti yangu mkubwa ndio kazi yake. Baba anatoa samadi na kumwaga majani. Majani yanakatwa jana yake jioni yanyauke kidogo, matete, magwatemala na desmodiamu kidogo, na kiangazi tunaongeza mgomba uliokatwakatwa, ila mgomba ni maji mengi, usitegemee maziwa kwa mgomba mtupu. Mimi nakamua. Mdogo wa mwisho ameshika tochi na kijitabu cha neno la siku.

Wasiokijua, huo ni utaratibu wa Wamoravian toka Herrnhut kule Ujerumani, walianza 1728 neno moja linapelekwa nyumba kwa nyumba asubuhi, na kufika 1731 likawa linachapwa kitabu cha mwaka mzima. Mstari wa Agano la Kale unapatikana kwa kura, wa Agano Jipya unachaguliwa kuendana nao. Ni mistari miwili tu. Mtu mwenye mikono kwenye chuchu hawezi kufuata sura nzima, ila mistari miwili unaishika na unatembea nayo mpaka jioni. Mtoto anasoma, baba anaomba kwa ufupi amesimama na koleo, tunaendelea na kazi. Hapo hahubiri mtu.

Sasa kuna kitu sikuambiwa na mtu wakati naolewa. Ng'ombe akitulia na kukandwa kiwele kwa maji ya moto anashusha maziwa, na yakishashuka una dakika chache tu, kama tano mpaka nane hivi, ukichelewa yaliyobaki anayashikilia. Na akishtuka, mtu amefoka, ndoo imepigwa, mbwa kaingia, anabana kabisa. Kwahiyo kwetu bandani hakuna kugombana. Iwe ada ya shule, iwe mambo ya mawifi, iwe nini, mume wangu anajua na mimi najua, tukivuka ule mlango sauti zinashuka. Na ukishakaa nusu saa unaongea kwa upole kwa ajili ya ng'ombe, ukatoka hapo umeshasikia na neno, ile hasira uliyoingia nayo kwakweli inakuwa imepungua sana. Ndoa yangu imepona mara nyingi bandani, naliongea hili bila aibu.

Jumapili tunaamka mapema zaidi, maziwa yanawahi kituo cha kukusanyia maziwa kabla ya watu kujaa, alafu wawili wanaenda ibada ya kwanza na wawili ya pili, Jumapili ijayo tunabadilishana. Mchungaji wetu wa zamani aliwahi kutuona tunaingia kwa zamu akauliza, tukamweleza, akasema hata Bwana Yesu aliwakumbusha watu kwamba siku ya sabato wanamfungua ng'ombe wao zizini wakamnyweshe. Toka siku ile hakuna anayetutazama vibaya tukichelewa.

Kuhusu msiba. Mnaojua Wanyakyusa mnajua msiba huku si wa kwenda saa mbili ukarudi. Baba mkwe alipofariki nyumba ilijaa watu siku nyingi, na mimi kama mkwe sikuwa na nafasi hata ya kukaa. Sikukamua hata siku moja. Wamama wawili wa jirani, mmoja wa kanisa letu na mmoja si wa kanisa letu, waliingia bandani asubuhi na jioni bila kuombwa, wanapeleka kituoni, risiti wanachomeka kwenye ufa wa mlango. Sisi pia tumewafanyia hivyo. Sasa huyo anayesema mwenye ng'ombe haendi msibani, aje aishi na majirani.

Na maziwa ya Jumamosi jioni hatuuzi. Yanagawiwa, kwa mzazi, yaani mama aliyetoka kujifungua, kama yupo mtaani, bibi mmoja anayeishi peke yake, na yeyote ambaye tumesikia ana mgonjwa. Ni uamuzi wa mume wangu, mwanzoni mimi nilikuwa nahesabu hela, leo akisahau namkumbusha mimi.

Naomba na ninyi mseme kwenu mnafanyaje, dini zote karibuni.

Kijana wa Isyonje

Mama ndaga fijo, yaani asante sana, kwa huu uzi. Hapo kwenye kutogombana bandani nimemuita mke wangu aje asome.

FundiBomba

Sawa mama lakini tuwe wakweli, maombi hayatibu ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Nimeona mtu na macho yangu ng'ombe anahema kwa shida wao wamezunguka wanakemea pepo, kesho yake wanachuna ngozi. Hela ya dawa walikuwa nayo.

MamaMtamba

FundiBomba nakubaliana na wewe na wala sikubishii. Kwenye nyumba yetu tunaomba huku simu iko sikioni tunamuita daktari. Kitabu cha Mithali kinasema mwenye haki anaujali uhai wa mnyama wake, sasa utaujalije kama unaona matezi yamevimba chini ya sikio na wewe umekaa? Kwangu mimi kuchelewa kuita mtaalamu wakati uwezo upo ni dhambi, nimewaambia hivyo hata wamama wenzangu kwenye kikundi. Na kuomba siachi, maana kuna usiku ng'ombe anazaa, mguu wa ndama umerudi nyuma, daktari yuko njiani na barabara ni tope, hapo unafanya nini zaidi ya kumshika na kumwita Mungu.

DaktariMifugo_Mbozi

Naongezea hapo kama mtaalamu. Ndigana kali inaletwa na kupe wa masikio, wale wa kahawia. Dalili za mwanzo ni tezi kuvimba, hasa ile chini ya sikio, na homa inapanda juu ya nyuzi 40, hajaanza kuhema bado. Ukinipigia hapo dawa ipo na inafanya kazi vizuri. Ukinipigia ameshaanza kutoa povu puani, mapafu yamejaa maji, nitakuja ila tutakuwa tunabahatisha.

Na chanjo ipo jamani. Msingi wake ulifanyiwa kazi Muguga Kenya miaka ya 1970, ng'ombe anapewa vimelea hai pamoja na sindano ya antibayotiki ya muda mrefu siku hiyohiyo, anaugua kidogo sana na anabaki na kinga. Inachomwa mara moja. Inatunzwa kwenye mtungi wa naitrojeni, baridi kali sana, na ukishaitoa haikai, ndio maana hatuji kwa ng'ombe mmoja, jikusanyeni. Na kanisa au msikiti ndio mahali rahisi kabisa pa kujikusanya, tangazo likitoka pale baada ya ibada napata ndama wa kutosha kufungua mtungi. Ila kuogesha msiache, kupe wana magonjwa mengine ambayo chanjo hii haiyagusi. Na wa ndani nao wanapata kupe, wanaletwa na majani mnayokata.

Mwalimu wa Same

Sisi ni Wasabato, Upareni huku Waadventista wapo toka 1903. Swali la kukamua Sabato nimelisikia toka nikiwa mtoto. Baba yangu alikuwa anasema kumuacha ng'ombe na kiwele kimejaa ni kumtesa, na amri yenyewe ya sabato imemtaja mnyama naye apumzike, sasa atapumzika vipi ana maumivu? Kwahiyo tunakamua, tunalisha, tunanywesha. Hatukati majani, yanakatwa Ijumaa kabla jua halijazama, hatusafishi banda lote ila pale anapolala. Na maziwa ya Sabato hatuuzi. Mwanzoni tulikuwa tunagandisha mtindi wa nyumbani, ila ng'ombe wakiwa kwenye maziwa mengi yanatushinda. Mama Mtamba hayo ya kugawa mnagawaje bila watu kuanza kugombea? Kwetu ilifika mahali watu wanakuja na vidumu.

Mzee wa Ol Kalou

Salamu kutoka Nyandarua, Kenya. Sisi ni Wakatoliki na lori la maziwa halijui Jumapili wala Krismasi, linapita barabarani kabla ya saa moja asubuhi, ukikosa umekosa. Mimi na mzee mwenzangu, yaani mke wangu, watoto wote wako Nairobi, tunakamua, tunapeleka, tunaenda misa ya pili. Miaka mingi nimesali rozari nikikamua. Nilianza kwa sababu nilikuwa nasinzia jioni baada ya chakula, nikaona afadhali nisali nikiwa macho. Ng'ombe wangu mkubwa akisikia Salamu Maria anaanza kucheua, hilo nimeliona nikaonyesha jirani.

Yule kijana wa kuku na ng'ombe mwambieni asianze peke yake. Hii kazi ni ya nyumba. Vijana wanakuja kwangu wanaona maziwa, hawaoni mama watoto ameamka mara mbili usiku kuangalia ng'ombe anayetaka kuzaa.

Abuu Swaleh Muheza

Assalam aleikum, na wasio Waislamu habari zenu. Mimi niko Tanga, nafuga chotara wachache. Kwetu ratiba iko hivi, naamka, naswali alfajiri kwanza, ndio naingia bandani. Sababu ni moja, sisi Mashafii, yaani Waislamu wa madhehebu ya Imam Shafi, mavi na mkojo wa ng'ombe ni najisi, kwahiyo nikianza bandani lazima nioge na kubadili kila kitu na wakati wa swala unanibana. Nina nguo za bandani zinatundikwa hukohuko nje, kanzu haikanyagi kule. Jioni nakamua baada ya alasiri, magharibi inanikuta safi.

Ramadhani ndio mwezi wa kazi. Maziwa yanatafutwa sana, watu wanataka ya futari na ya daku, na wewe umefunga unakata majani juani. Ila nakwambia Mama Mtamba, ule mwezi ng'ombe ananisaidia, saa zinakwenda. Na bei sipandishi Ramadhani. Jirani zangu wengine wanapandisha, kila mtu na roho yake, mimi nimeona siwezi kumuuzia mtu futari kwa bei ya kumuumiza.

Kijana wa Isyonje

Sheikh naomba kuuliza, zaka ya ng'ombe ikoje? Nasikia tu kwa rafiki zangu.

Abuu Swaleh Muheza

Ng'ombe wa kuchunga wenyewe malishoni mwaka mzima wakifika 30 unatoa ndama wa mwaka mmoja, wakifika 40 unatoa mtamba wa miaka miwili. Chini ya 30 hakuna. Na hawa wetu wa kulishwa ndani kwa pumba na mashudu, kwa madhehebu yetu hawana zaka ya kichwa, ila hela uliyoweka kutokana na maziwa ikifika kiwango na ikakaa mwaka ina zaka yake. Sadaka haina idadi, maziwa unatoa tu. Ukiwa na mifugo mingi kaa na sheikh wa kwako akuhesabie.

MamaMtamba

Nimefurahi sana jamani. Mwalimu wa Same, kuhusu kugawa. Sisi hatugawi mlangoni. Ukigawa mlangoni wanakuja wenye miguu, wasio na miguu wanabaki. Watoto wangu wanapeleka wenyewe, wanapewa chupa na jina, na nyumba zinabadilika kila wiki isipokuwa ile ya bibi. Mzazi akishamaliza arobaini anampisha mwingine. Na tunawaambia wachemshe kabisa mpaka yaumuke, maana kuna ule ugonjwa wa kutupa mimba unampata na binadamu kwa maziwa mabichi, sitaki sadaka yangu iwe homa ya mtu. Kikundi chenu cha kanisa kikichukua ile orodha mkononi mwake itakuwa rahisi zaidi kwenu, maana mtu akinuna hanuni kwako.

Kuna jambo nilitaka kuliweka mwanzo nikaona uzi umerefuka. Ng'ombe wetu wa kwanza hatukununua. Tulipata kwa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, unapewa mtamba mwenye mimba, ndama jike wa kwanza akikua unampitisha kwa familia nyingine, na yule naye anapitisha. Wazo hili lilianza na mkulima mmoja Mmarekani wa kanisa la Brethren, Dan West, alikuwa anagawa maziwa kwa kikombe kwenye vita ya Hispania, akawaza hawa wangepewa ng'ombe wasingenisubiri mimi. 1944 ndio mitamba ya kwanza ikasafirishwa, 17, kwenda Puerto Rico. Leo limefika mpaka kwenye migomba yangu.

Wakati wa kupitisha yule ndama ulikuwa mgumu kuliko nilivyodhani. Ukishamnywesha dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama yake, kwa mkono wako saa ile ya kwanza, ukamtoa kupe, ukamwona amekuwa mtamba mzuri, kumfunga kamba na kumkabidhi mtu mbele ya watu inauma. Binti yangu alilia. Mchungaji aliomba, yule mama aliyepokea naye akalia, na mume wangu akamwambia mtu wa kukushukuru si sisi, ni yule utakayempa wako. Mpaka leo huyo mama ni ndugu yetu, tunaitana kwenye harusi na kwenye ugonjwa, na tukitaka kujua nani yuko kwenye joto au nani wa kukaushwa, yaani kuachwa kukamuliwa kabla hajazaa, tunapigiana simu kwanza kabla ya kumpigia mtu mwingine.

FundiBomba

Hapo kwenye kupitisha nimekuelewa. Swali lingine, imani na biashara. Watu wanaweka maji kwenye maziwa na Jumapili wako mstari wa mbele. Hilo mnalisemaje?

MamaMtamba

Nalisema vizuri tu. Maji yanaonekana kwa laktomita, kile kipimo cha uzito wa maziwa, pale kituoni, inatakiwa isome 28 mpaka 32 hivi, ukiweka maji inashuka, utarudishiwa ndoo yako mbele ya majirani. Ila kuna kubaya zaidi ambako mwenye kipimo kidogo haoni, nako ni dawa. Ng'ombe amepata ugonjwa wa kiwele, amechomwa antibayotiki, daktari amekwambia usiuze maziwa mpaka siku kadhaa zipite, na wewe una marejesho ya kikundi Ijumaa. Nani atajua? Tulipatwa na hilo kwa ng'ombe wetu anayetoa maziwa mengi kuliko wote, tukamwaga asubuhi na jioni, watoto wanaangalia. Mume wangu aliwaeleza palepale kwamba haya yangenywewa na mtoto wa mtu. Sijawahi kusikia somo la kutoiba likifundishwa vizuri kuliko pale. Na marejesho nilienda kuomba muda, wamama walinielewa, wengine yamewakuta.

DaktariMifugo_Mbozi

Mungu akubariki mama. Na mtu asimpe ndama hayo maziwa ya dawa akidhani ameokoa kitu, yanazoesha vijidudu. Mwaga, ila mbali na chanzo cha maji.

BintiMfugaji

Mimi ni mtoto wa nyumba kama hizi, sasa niko chuo Morogoro. Niseme upande wa watoto. Nilichukia ng'ombe nikiwa sekondari, kuamka giza, mikono inanuka maziwa darasani, wenzangu wananicheka. Na wazazi walikuwa wanasema tumshukuru Mungu kwa ng'ombe wakati mimi nataka kulala. Wazazi mnaosoma hapa, msituombee tu, mtupe na siku ya kupumzika kwa zamu, na mtoto apewe ndama wake ajue ni wake. Baba alipompa kaka ndama, kaka alibadilika kabisa. Ada yangu ya mwaka wa kwanza imetoka kwenye dume lililonenepeshwa na maziwa ya miezi, hilo sitalisahau. Ila usingizi nao ni haki.

MamaMtamba

Mwanangu nimekusikia, na nimemsomea baba yako wa huku. Tumekubaliana kuanzia wiki hii kila mtoto ana asubuhi yake moja ya kulala, na huyu ndama jike aliyepo tumempa huyu wa tochi, ameshampa jina Neema. Mwaliko wa chanjo je, daktari? Kwenye kikundi chetu tuna ndama kumi na kitu, na msikiti wa Waislamu hapo chini wana ndama wengine, nitaongea na imamu. Siku ukipanga kupita Tukuyu andika hapahapa, nitatoa tangazo Jumapili nao watangaze Ijumaa.

DaktariMifugo_Mbozi

Mwisho wa mwezi nina safari ya huko. Wawe na mwezi mmoja na kuendelea, wenye afya, wasio na homa, na mwandike uzito mkiweza, kamba ya kupimia kifua inatosha. Nitakuandikia siku kamili hapa.